Mzee kwa Daftari

Siku niliyoambiwa kwamba mimi ni mzee nilikuwa na mfuko wa saruji begani. Sisemi hivi kutafuta sifa. Karani wa ofisi ya barabara pale Singida alinifuata mpaka uani, karatasi mkononi, akasubiri niutue mfuko ndipo anieleze kwamba sina nguvu tena za kazi. Nikautua. Nikamwambia arudie. Akarudia huku anaangalia viatu vyake.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema, maana alikuwa kijana wa adabu. "Barua imetoka kwa jumbe wa kwenu. Imeandikwa una miaka sitini na tatu. Bwana anasema mwisho wa mwezi upumzike."

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado ametukalia na hapakuwa na dalili kwamba angeondoka. Mimi nilikuwa mwashi wa mawe. Kazi yangu ilikuwa kujenga makalavati, yale mapito ya maji chini ya barabara, kutoka mjini kwenda pande za Mkalama. Nilipanga chumba Utemini, na nyumbani Kinyangiri nilikwenda kila nilipopata nafasi. Umri wangu wa kweli ulikuwa hamsini, au hamsini na moja. Zaidi ya hapo hata mama yangu asingekubali. Meno yangu yote yalikuwa kinywani. Nyundo ya kilo nane niliizungusha kutwa na jioni nikala ugali wa uwele sahani mbili.

Nilikasirika. Nilikasirika hadi nikauinua tena ule mfuko, nikaupeleka stoo, nikaurudisha uani, bila sababu yoyote, ili kila mtu aone. Wenzangu wakacheka. Karani hakucheka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna mtu aliyenisingizia. Uongo ule niliusema mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa na akili timamu.

Kwetu zamani hatukuhesabu miaka. Mtu akikuuliza umri ulimwambia ulitoka jandoni wakati gani, naye akapiga hesabu zake. Kama hakukuamini, aliwauliza uliotahiriwa nao. Hao ndio waliokuwa cheti chako. Mliingia asubuhi moja, kisu kimoja, mkauguzwa pamoja, na tangu siku hiyo hadi kaburini mtu wa jando lako hakunyimi kitu. Ukimwomba ng'ombe, anatoa. Ukimwomba aje akusemee mbele ya mkubwa, anakuja, hata kama maneno yenyewe yatamuumiza. Kumkatalia mwenzako wa jando ni aibu itakayowafuata watoto wako hadi siku wanapokwenda kuposa.

Sisi tulitoka jandoni wakati Wajerumani wanakimbia, na tuliona kwa macho yetu askari wao wakipita na mizigo. Baadaye ikaja vita nyingine, ile kubwa ya pili, na serikali ya Mwingereza ikataka watu wa kwenda kukata mkonge mashamba ya mbali. Haikuomba, ilichukua. Wajumbe wa mtemi walikuja na karani na daftari. Wanaume wenye nguvu waliandikwa upande mmoja, wazee upande mwingine. Waliotutangulia kwenda, wengine walirudi wakikohoa, wengine hawakurudi.

Jando letu tulikuwa tumebaki saba. Tukakutana kwenye uwanja wa kupuria mtama tukakubaliana jambo moja dogo: badala ya kusema tulitoka jandoni Wajerumani wakiondoka, tungesema tulitoka Wajerumani wakiingia, wakati wanajenga boma la Mkalama. Mmoja wetu, rafiki yangu wa karibu kuliko wote, ndevu zake zilikuwa nyeusi ti, akazipaka jivu. Jua lilikuwa kali siku ile. Alipofika mbele ya karani, jivu lilikuwa linamtiririka shingoni pamoja na jasho. Karani akamtazama, akatutazama sote saba, akaandika. Nadhani naye alikuwa na ndugu kwenye mkonge.

Ndivyo tulivyozeeka, wote saba, asubuhi moja.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa ndefu, ilichukua miaka kumi kunifikia. Vita vilipokwisha nikapata kazi ya barabara, kwa kuwa uashi nilikuwa nimejifunza misheni tulipojenga kanisa. Bwana wa wakati ule, Mzungu mkuu wa ofisi ya barabara, hakuuliza umri, aliangalia mikono. Kisha akaja Bwana mwingine, mdogo kwa miaka, mpenda mafaili, akawaandikia majumbe wote wamletee umri wa kila mfanyakazi. Jumbe wetu akafungua daftari lake la zamani, akanakili alichokikuta.

Nikaenda kumwona huyo Bwana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi.

"Karatasi inasema sitini na tatu," alisema.

"Karatasi haijawahi kuniona nikipasua jiwe, Bwana."

Akacheka kidogo, akafikiri. Halafu akasema, karani akimsaidia pale Kiswahili kilipomwishia, kwamba kama umri ule ni makosa niwalete watu niliotahiriwa nao waape mbele ya jumbe mwaka wa kweli. Wawili wangetosha. Akanipa siku kumi.

Nilitoka mle ofisini napiga mluzi. Nikadandia lori la Mhindi mmoja aliyekuwa anakwenda kununua ngozi, nikafika Kinyangiri na vumbi hadi masikioni, na furaha yangu iko pale pale.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Niliolewa na kijana," alisema. "Nimelala, nimeamka, nina babu ndani ya nyumba." Alipomaliza kufuta machozi akaniuliza, sasa bila kucheka, "Lakini baba watoto, hao wenzako umewauliza?"

Nikamwambia mtu wa jando haulizwi, anaitwa tu. Akanyamaza. Mke wangu akinyamaza ni afadhali mtu mwingine akupige.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa yule rafiki yangu wa ndevu za jivu. Nilimkuta nje ya tembe lake, kwenye kigoda, anasuka kamba. Miaka mitatu nyuma jumbe alikuwa amemsamehe kodi kwa sababu ya uzee, akamwondoa pia kwenye kazi za lazima: kuchimba matuta, kufyeka barabara, kubeba mizigo ya wakubwa wakiwa safarini. Wenzangu wote sita walikuwa wamesamehewa hivyo. Daftari lilikuwa lile lile. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naendelea kukatwa kodi mjini, kwa kuwa mshahara haujui uzee.

Nikamweleza. Akaendelea kusuka mpaka nikafika mwisho.

"Ukiwa kijana wewe," akasema taratibu, "mimi nitakuwa nani?"

Jambo hilo sikuwa nimeliwaza. Nasema kweli, na naona haya kulisema. Siku mbili nzima nilijiwaza mimi tu, na nyundo yangu, na mfuko wangu wa saruji.

"Kodi watatudai, na ya nyuma pia," alisema. "Na kwa kumdanganya mtemi wakati wa vita, sijui kama watatufunga au watatuchapa viboko. Lakini ukisema twende, tunakwenda. Nikawaite wengine?"

Akaweka kamba chini, akasimama kabisa, tayari kwenda kuwaita.

Laiti angekataa! Ningepata mtu wa kumlaumu maisha yangu yote. Ningesema mimi nilitaka kufanya kazi ila fulani alinigeuka. Lakini hakukataa, na wale watano wengine nilijua wasingekataa. Wangepanga mstari mbele ya jumbe kama walivyopanga mstari siku ile ya kisu, na mimi ndiye ningekuwa nimewapeleka.

"Kaa," nikamwambia. "Usimwite mtu."

Siku ya kumi nilisimama tena mbele ya Bwana.

"Mashahidi wako wapi?"

"Nimekuja peke yangu, Bwana."

"Basi karatasi ni kweli?"

"Karatasi ni karatasi, Bwana."

Wakanipa blanketi na barua ya shukrani. Karani aliita vile vitu kiinua mgongo. Mgongo wangu haukuwa umeinama, lakini blanketi nililichukua, kwa sababu Singida kuna baridi mwezi wa sita na ujinga una mipaka yake. Mwiko na pima maji vya serikali nikavirudisha stoo. Nyundo na tindo vilikuwa vyangu, nikaondoka navyo.

Sasa niwaambie habari za kupumzika, maana siku hizi naona watu wanavisubiri vyeti vya kustaafu kama watoto wanavyosubiri sikukuu. Mimi kupumzika kulinitukana. Nilikuwa nikifika mahali, vijana wanasimama wananipa kigoda. Nikishika jembe, mtu ananipokonya: "Acha babu, tutalima sisi." Kwenye nyama niliwekewa vipande laini. Shikamoo ziliongezeka, na kila shikamoo ilikuwa kama mtu ananiwekea mkono begani na kunisukuma chini. Wanaume wa rika la baba yangu walinikaribisha kwenye pombe yao ya mtama saa tatu asubuhi. Nilikwenda siku nne. Siku ya tano nilimsikia mmoja anasimulia habari ya ng'ombe wake aliyepotea, habari ile ile ya siku nne zilizopita, na nikagundua kwamba nilikuwa nimeanza kuisubiri. Nikainuka nikaaga.

"Unakwenda wapi?" wakaniuliza.

"Kazini."

Wakacheka sana. Nami sikuwa na kazi yoyote.

Lakini korongo lilikuwepo. Kati ya nyumba zetu na kisima palikuwa na korongo ambalo wakati wa kiangazi unalivuka bila kulitazama, na wakati wa masika linajaa kwa nusu saa na kukaa limejaa siku tatu. Wanawake walizunguka mwendo mrefu na mitungi kichwani. Kila mwaka tulisema serikali ingejenga kitu pale. Serikali ilikuwa inajenga, ndiyo, lakini inajenga pale magari yake yanapopita. Mimi nilikuwa nimeijengea miaka saba na nilijua vizuri inapopita.

Nikaamua kujenga kalavati la mawe matupu, bila saruji, kwa kuwa saruji sikuwa nayo. Mawe kwetu hayanunuliwi. Miamba ya Singida imelala kila mahali, mingine mikubwa kuliko nyumba, na namna ya kuipasua nilijifunza kabla sijaona nyundo ya Mzungu. Unawasha moto juu ya mwamba tangu alfajiri, unaulisha kuni ngumu mpaka jiwe linaanza kulia, halafu unamwaga maji baridi kwa mkupuo. Jiwe linakatika bapa, limenyooka kama ubao.

Siku ya kwanza na ya pili tulikuwa mimi na mke wangu. Mimi moto, yeye maji. "Watu wanasema umerukwa na akili," aliniambia akimwaga mtungi. Nikamuuliza yeye anasemaje. "Mimi nasema afadhali uwe umerukwa na akili huku nje, kuliko kunikalia jikoni."

Siku ya tatu asubuhi nikamwona rafiki yangu anakuja, kamba zake za kusuka begani. Nyuma yake watano wengine na mitaimbo na magogo.

"Sikuwaita," nikasema. Nilisema kwa ukali, kwa sababu niliogopa.

"Tunajua," akanijibu. "Ungetuita tusingekuja na furaha hivi."

Tulifanya kazi wiki tano. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile. Hapakuwa na nyapara wala kengele. Mmoja wetu goti lilikuwa baya kweli, tukampa kukaa na kuchonga. Mwingine hakuwahi kushika tindo maisha yake, akajifunza akiwa na miaka hamsini, na jiwe lake la kwanza lilipokaa sawa alilizunguka mara tatu kama mtu anayenunua fahali. Ng'ombe hazeeki maini, wanasema watu. Mimi niliyaona maini hayo yakifanya kazi.

Hatari niliijua. Wazee waliosamehewa kazi za lazima kwa udhaifu wa mwili walikuwa wanabeba mawe mchana kweupe. Jumbe alipita mara mbili, akajifanya anatazama ndege. Nikawaambia wenzangu waache, nitamaliza mwenyewe. Wakaendelea kubeba.

Tulibakiza jiwe la mwisho, lile la kufunika katikati. Lilikuwa kubwa kuliko yote. Tulikuwa tumelitembeza juu ya magogo kutoka mwambani, tumefyeka njia yake kupitia vichakani, na sasa tulikuwa tumelinyanyua kwa mitaimbo na miti ya mabegani, watu saba, tumebakiza hatua ishirini kufika. Ndipo tukasikia gari. Ilikuwa landrova ya ofisi ya barabara. Ilikata kutoka barabara kuu, ikashuka vichakani, ikasimama katikati ya ile njia yetu. Bwana akashuka, na karani nyuma yake.

Tukateremsha jiwe juu ya magogo. Nilitutazama kwa macho ya Bwana: wanaume saba, vifua wazi, jasho, na jiwe ambalo vijana kumi wangelizunguka wakiliogopa. Ushahidi niliokataa kuupeleka ofisini ulikuwa umesimama pale, unahema.

Bwana alishuka korongoni. Akainama chini ya kalavati, akagonga mawe kwa fimbo yake, akaingiza ukucha kwenye viungo. Ukucha haukuingia. Akapanda juu, akatuhesabu kwa macho.

"Hawa ni nani?" akamuuliza karani.

"Ni wazee, Bwana," karani akasema. "Wote wako kwenye daftari."

Bwana akanigeukia mimi. Alisema ana makalavati matano ya kumaliza kabla ya masika na hana mwashi. Aliyewekwa mahali pangu ameondoka. Alisema haoni mzee mbele yake. "Wewe sema mwaka wa kweli tu," alisema, polepole ili nielewe. "Mimi andika barua mpya leo. Jumatatu wewe kazini."

Niseme nilivyojisikia, maana nimefika umri wa kutoficha. Niliitaka kazi ile. Niliitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na yale maji yalikuwa mbele ya mdomo. Niliwaza uani pale mjini, na mifuko ya saruji, na mwiko. Nilijua pia kwamba hatauliza tena. Wenzangu sita hawakunitazama. Hata mmoja hakunitazama, ili nisione wanachotaka. Rafiki yangu alikuwa ameshika mtaimbo wake na kutazama jiwe tu.

"Nina miaka sitini na tatu, Bwana," nikasema. "Imeandikwa."

Uso wake ukaiva. Akamnyooshea fimbo rafiki yangu. "Na wewe?"

"Mimi mkubwa kwake, Bwana," rafiki yangu akajibu. "Nilitahiriwa kabla yake."

Na hilo lilikuwa kweli tupu. Alinitangulia kwa mtu mmoja kwenye mstari. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa ili asicheke.

Bwana akasimama pale muda mrefu. Alikuwa na daftari, na alikuwa na macho yake, na vilikuwa havipatani, na hakuna mtu hata mmoja pale aliyekuwa tayari kumsaidia. Nami nikaona jua linasonga, jiwe linatungoja juu ya magogo, na nikakumbuka kwamba mtu huyu hakuwa tena Bwana wangu. Alikuwa amenistaafisha mwenyewe, kwa sahihi yake.

"Bwana," nikasema, "gari lako limesimama kwenye njia ya jiwe. Lisogeze."

Karani hakuitafsiri. Haikuhitajika. Wenzangu wakainama, wakashika, na mimi nikashika nafasi yangu ya mbele. Tukanyanyua. Tukaanza kutembea kuelekea kwenye landrova, hatua moja, ya pili, ya tatu, bila kupunguza, na Bwana akamwita dereva wake kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Gari likasogezwa.